Ukiona ‘Anti-’, Tafuta Kitenzi

Neno la Kiingereza linapoanza kwa ‘anti-’, una hakika na jambo moja tu: kuna pande mbili zinazokabiliana. Kinachotokea kati ya pande hizo, kiambishi chenyewe hakikwambii. Huenda upande mmoja unaupinga mwingine kwa maneno na maandamano. Huenda unauua, unauzuia usikaribie, unaupunguza makali, au umesimama tu mkabala nao bila ugomvi wowote. Aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hayatafakari haya, mazoea yamemfundisha. Sisi tuliokipokea shuleni tunahitaji njia, na ninayokupendekezea ni swali moja la kujiuliza kila mara: upande huu unaufanyia nini ule? Ukipata kitenzi, umelielewa neno. Usipokipata, hujalielewa bado, hata kama umekariri tangu darasa la sita kwamba ‘anti-’ maana yake ni “dhidi ya”.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa kuwa chenyewe hupenda kutaja kitendo. Dawa ya kutuliza, kikosi cha kuzuia, tume ya kupambana: lugha yetu inamtaka msemaji aseme kinachofanyika. Ndiyo maana tafsiri inayobandika “dhidi ya” kila mahali husikika ngeni, wakati mwingine isieleweke kabisa. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari, mfasiri, na yeyote anayesoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti ya dawa.

Asili yake ni Kigiriki cha kale, ambako ‘anti’ ilikuwa neno linalojitegemea lenye maana ya “mkabala na”, “badala ya” na hatimaye “kinyume na”. Ilipita kwenye Kilatini na Kifaransa ikaingia Kiingereza. Ikumbuke hiyo maana ya “mkabala na”, maana kuna maneno ambayo hayafunguki bila hiyo.

Inapokuwa msimamo wa watu

Kundi la maneno utakalokutana nalo zaidi kwenye magazeti ni lile la watu na harakati: ‘anti-war’, ‘anti-colonial’, ‘anti-corruption’. Hapa kitenzi cha msingi ni kupinga, na kinachopingwa ndicho kinachofuata baada ya kiambishi.

Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano uliofanyika Holborn Hall, London, wa kuhimiza Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya makaburu. Vuguvugu lililozaliwa pale liliitwa ‘Boycott Movement’, yaani la kususia. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya Sharpeville, lilibadili jina likawa ‘Anti-Apartheid Movement’. Yatazame majina hayo mawili. La kwanza lilitaja kitendo na kukaa kimya kuhusu adui. La pili lilimtaja adui na kukiacha kitendo wazi, na uwazi huo ulikuwa na faida: chini ya jina hilo watu wangeweza kususia machungwa, kuandamana, kuzuia timu za raga, kudai wafungwa waachiwe, na yote yangeingia. Hiyo ndiyo nguvu ya ‘anti-’ katika siasa, na ndiyo sababu harakati huipenda. Mfasiri akisema “Harakati za Kupinga Ubaguzi wa Rangi” amepatia, kwa sababu kupinga ni kitenzi kipana kinachobeba hayo yote.

Taasisi za serikali ni jambo jingine. Taasisi haipingi tu. Ina sheria, ina mamlaka, ina watu wa kukamata. Zanzibar kuna chombo ambacho jina lake la Kiingereza ni ‘Zanzibar Anti-Corruption and Economic Crimes Authority’, na kwa Kiswahili ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi. Kitenzi: kuzuia. Kenya ina ‘Ethics and Anti-Corruption Commission’, ambayo kwa Kiswahili huitwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kitenzi: kupambana. Tanzania ilitunga ‘Anti-Money Laundering Act’ mwaka 2006, na kitengo kinachoshughulikia jambo hilo kinaitwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Kitenzi: kudhibiti. Askari wa wanyamapori wanaofahamika kwa Kiingereza kama ‘anti-poaching unit’ ni Kikosi Dhidi Ujangili, KDU, na hapo waliotoa jina waliamua kutotaja kitenzi kabisa.

Kiambishi ni kilekile mara nne, Kiswahili kimekipa sura nne, na kila sura ina mantiki yake. Fedha haramu hazipingwi, zinadhibitiwa. Rushwa huzuiwa isitokee, na ikitokea hupambanwa nayo. Ukipewa kazi ya kufasiri jina la idara au mradi, usianze na kamusi. Anza kwa kuuliza idara ile inafanya nini asubuhi inapofungua mlango.

Ukiandika kwa Kiingereza, angalia sarufi ya kundi hili. Kinachofuata kiambishi kwa kawaida ni nomino. Huandiki ‘anti-corrupt campaign’, unaandika ‘anti-corruption campaign’. Na nomino hiyo mara nyingi hubaki katika umoja hata kama mambo yenyewe ni mengi: ‘anti-tank weapons’ ni silaha za kulipua vifaru, si kifaru kimoja. Waingereza husema ‘anti-drugs’ pale Wamarekani wanaposema ‘anti-drug’, kwa hiyo usishangae ukiziona zote mbili.

Kuna mtego unaowanasa hata waandishi wazoefu wa ripoti za miradi, na napenda usimame hapa kidogo. Soma maneno haya: ‘anti-child marriage campaign’. Mwandishi alikusudia kampeni ya kupinga ndoa za utotoni. Lakini kiambishi kimegandamana na ‘child’ peke yake, na jicho la msomaji kwa nukta moja linaona kampeni ya kumpinga mtoto. Ndivyo ilivyo kwa ‘anti-child labour laws’ na ‘anti-domestic violence’. Dawa mbili zipo. Ya kwanza ni kuunga yote kwa vistari, ‘anti-child-marriage campaign’, ambayo ni sahihi ingawa haipendezi machoni. Ya pili, ambayo mimi huichagua daima, ni kukiacha kiambishi na kutumia ‘against’: ‘a campaign against child marriage’. Kinachopingwa kikiwa na maneno mawili au zaidi, achana na ‘anti-’.

Mtego wa pili ni kupinga mara mbili. ‘The fight against anti-corruption’ ni vita dhidi ya wale wanaopambana na rushwa. Yaani mwandishi amejiunga na mafisadi bila kujua. Kiswahili nacho kina kosa pacha: “kupinga dhidi ya ukatili”. Kupinga tayari kuna upinzani ndani yake, hakuhitaji “dhidi ya”. Siku 16 zinazoadhimishwa kila mwaka kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10 ni za kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na hapo “dhidi ya” inafanya kazi nyingine kabisa: inaonyesha ukatili unaelekezwa kwa nani. Iondoe, na maana inaharibika. Iongeze mara moja zaidi, na sentensi inalemewa.

Mbele ya dirisha la dawa

Hakuna mahali ambapo ‘anti-’ ina wajukuu wengi kuliko hospitali, na hakuna mahali ambapo kutojua kitenzi kuna gharama kubwa zaidi.

Chukua ‘antibiotic’. Kwa vipande vyake ni “dhidi ya uhai”, jina la kutisha kidogo kwa kitu kinachookoa maisha. Aliyelieneza kwa maana ya dawa katika miaka ya 1940 ni Selman Waksman, mwanasayansi wa Marekani aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa kazi iliyozaa streptomycin, dawa ya kwanza iliyofaa kutibu kifua kikuu. Waarabu wamelifasiri kipande kwa kipande, wakasema ‘mudhadi hayawi’, na msomaji wetu wa Maskati ataona papo hapo kwamba ‘mudhadi’ na ‘dhidi’ yetu zimetoka shina moja. Wanakamusi wa Kiswahili wakaja na viuavijasumu, lakini watu wengi wanasema antibiotiki na wanaelewana. Uhai unaokusudiwa ni wa bakteria peke yake. Baadhi ya dawa hizi huua bakteria, nyingine huwazuia wasizaliane hadi kinga ya mwili iwamalize. Virusi hazivigusi. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, kwa hiyo mgonjwa wa mafua anayenunua amoxicillin amenunua ‘anti-’ isiyo na wa kumkabili.

Linganisha na ‘antiretroviral’, zile ARV. Nazo ni ‘anti-’, lakini haziui virusi na kuvitoa mwilini. Zinavizuia visijizidishe, mpaka vinakuwa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye vipimo vya wingi wa virusi, na ukiziacha vinarudi. Kiswahili cha kliniki za Tanzania kimepata kitenzi ambacho mimi nakiona ni miongoni mwa tafsiri bora kabisa za kitabibu tulizonazo: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kinachofubaa hakijafa, kimepoteza nguvu na mng’ao. Wengine husema dawa za kupunguza makali, nayo ni njia ileile ya kufikiri. Katika kitenzi hicho kimoja mgonjwa ameelezwa kwa nini anameza kila siku na kwa nini asiache akijisikia vizuri. Neno la Kiingereza halimwelezi hayo.

Endelea kwenye rafu. ‘Antacid’ haiui wala haifubazi; inaipooza asidi ya tumboni ambayo tayari ipo. Angalia pia kwamba irabu ya kiambishi imedondoka: si ‘antiacid’. ‘Antihistamine’, kama vile cetirizine, huziba mahali ambapo histamini ingeshika, ndipo kuwashwa na chafya hupungua. ‘Anti-inflammatory’ hupunguza uvimbe na maumivu; diclofenac na ibuprofen zimo humo. ‘Anticoagulant’ huzuia damu kuganda. ‘Antiseptic’ ni ya kuua vijidudu juu ya ngozi na jeraha, si ya kunywa. ‘Antiperspirant’ ya kwapani huzuia jasho lisitoke, ilhali ‘deodorant’ hushughulikia harufu tu. Ukisoma jina kwa makini utajua unanunua ipi. Nazo ‘antivenom’, za sumu ya nyoka, hutengenezwa kwa kumdunga mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga, kisha kinga hiyo huchujwa na kupewa aliyeumwa. Hapo kitenzi ni kushika: kinga ya farasi huishika sumu na kuizuia isidhuru.

Sasa kuna maneno mawili yanayofanana kama ndugu na ambayo hata wanafunzi wa maabara huyachanganya: ‘antibody’ na ‘antigen’. ‘Antibody’ si kitu kinachopinga mwili, ingawa ‘body’ inatushawishi tufikiri hivyo. Ni protini ambayo mwili wenyewe unaitengeneza ili kumshika mvamizi, na Kiswahili kimeiita kingamwili, jina linaloeleza vizuri kuliko la Kiingereza. ‘Antigen’, au antijeni, nayo haipingi jeni. Ni kile kipande cha mvamizi kinachouamsha mwili utengeneze kingamwili; ‘gen’ hapa ni ya kuzalisha.

Tofauti hii iko mikononi mwako kila unapopima. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, hutafuta antijeni, yaani protini za kimelea mwenyewe. Protini hizo zinaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa, na ndiyo maana aliyepona karibuni anaweza kupimwa tena na mstari ukatokea. Vipimo vya haraka vya VVU vilivyozoeleka, kwa upande mwingine, hutafuta kingamwili, yaani jibu la mwili. Mwili unahitaji muda kulitoa jibu hilo. Mtu aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupimwa na asionekane, na ndiyo sababu mshauri anamwambia arudi. Kumbe maneno mawili yenye kiambishi kimoja yanakupa sababu mbili tofauti za kutoamini jibu moja kwa haraka.

Na kuna neno la tatu linalopotosha: ‘antimicrobial resistance’. Asiye mwangalifu husikia “ukinzani dhidi ya vijidudu” akadhani ni habari njema, kwamba mwili umekuwa imara. Ni kinyume chake. Anayekinza ni kijidudu, na anachokikinza ni dawa. Kiswahili cha wataalamu, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kimemweka kila mmoja mahali pake: nani sugu, na sugu kwa nini. Fuata mpangilio huo ukilieleza neno hili redioni au kwenye bango.

Kabla hatujaondoka dirishani, tuitazame lugha yetu wenyewe. Tunasema dawa ya malaria, dawa ya minyoo, dawa ya mbu, dawa ya panya. Hatusemi “dawa dhidi ya minyoo”, na hatuna haja. Kile kiunganishi kidogo, “ya”, kinaibeba ‘anti-’ nzima mgongoni. Lakini tunasema pia dawa ya macho, dawa ya meno, dawa ya nywele, na hapo “ya” imegeuka kuwa “kwa ajili ya”. Hakuna anayetaka kuyaua macho. Kisha tunasema dawa ya usingizi, nayo inaleta usingizi, haiufukuzi. Dawa ya moto ni moto, walisema wahenga, na moto wa kwanza katika methali hiyo ni adui na wa pili ni silaha. Msemaji wa Kiswahili hutambua mwelekeo kwa kujua dunia: minyoo haitakiwi, macho yanatakiwa. Basi unapofasiri ‘antimalarial’, andika “dawa ya malaria” na upumzike. Lakini ‘anti-diarrhoeal’ ukiiita “dawa ya kuhara” umemwacha mgonjwa njia panda, maana wapo wanaotafuta dawa ya kuwasafisha tumbo. Andika “dawa ya kuzuia kuhara”. Kanuni ninayoifuata ni hii: kitu kikiwa kibaya kwa wote, “ya” inatosha, kikiweza kutakiwa au kukataliwa, taja kitenzi.

Inapokuwa mkabala tu

Hapa ndipo ile maana ya Kigiriki inaporudi. ‘Antarctic’, bara la barafu la kusini, halipingani na chochote. Ni eneo lililo mkabala na ‘Arctic’ ya kaskazini, jina lililotokana na neno la Kigiriki la dubu, kwa sababu ya nyota za Dubu zinazoonekana kaskazini. Waingereza wanapoiita Australia na New Zealand ‘the Antipodes’, wanasema watu wa huko nyayo zao zimeelekeana na zao upande wa pili wa dunia. ‘Anticlockwise’ ni kuzunguka kinyume na mishale ya saa, na Mmarekani atakuambia ‘counterclockwise’. ‘Antonym’ ni neno lenye maana iliyo kinyume. Katika fizikia, ‘antimatter’ ni maada ambayo chembe zake zina chaji ya kinyume: elektroni ina chaji hasi, na pacha wake, positroni, aliyegunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932, ana chaji chanya. Kitenzi cha kundi hili ni kuelekeana au kugeuka, na ukitumia “kupinga” utachekesha watu.

‘Antichrist’ linasimama katikati. Biblia ya Kiswahili, kwenye waraka wa kwanza wa Yohana, inasema mpinga Kristo, na hiyo ni sehemu ya maana. Sehemu nyingine ni ile ya “badala ya”: anayejiweka mahali pa Kristo na kudai heshima yake. ‘Antipope’ lina maana hiyo ya pili waziwazi. Halimtaji mtu anayemchukia Papa; linamtaja aliyedai kuwa Papa wakati Papa mwingine yupo. Wa mwisho kutambulika hivyo katika historia ya Ulaya ni Felix V, aliyejiuzulu mwaka 1449.

Yanayofanana lakini siyo

Kuna kiambishi cha Kilatini, ‘ante-’, chenye maana ya “kabla” au “mbele”. Herufi moja tu inakitenganisha na ‘anti-’, na kosa lake liko kwenye vibao vingi vya zahanati zetu. Kliniki ya wajawazito kwa Kiingereza ni ‘antenatal clinic’, kliniki ya kabla ya kujifungua. Ukiandika ‘antinatal clinic’ umetangaza kliniki ya kupinga watu kuzaa. Kama una kibao hicho kazini kwako, kirekebishwe leo. ‘A.m.’ kwenye saa ni ‘ante meridiem’, kabla ya adhuhuri. Afisa mifugo anayemkagua ng’ombe kabla hajachinjwa anafanya ukaguzi wa ‘ante-mortem’, na jina hilo hutalisahau ukilikumbuka ‘post-mortem’.

Baya zaidi ni kwamba ‘ante-’ hiyohiyo wakati mwingine imevaa nguo ya ‘anti-’. ‘Anticipate’, kutarajia, ina asili ya kushika mapema. ‘Antique’, kitu cha kale, imetoka hukohuko kwenye “mbele” na “kabla”, na kwa njia hiyo kisiwa cha Antigua katika Karibi, kilichopewa jina na Columbus, maana yake ni “ya kale”. ‘Antipasto’ kwenye mkahawa wa Kiitaliano ni kinachotangulia chakula. Hakuna upinzani wowote hapo, na swali la kitenzi litakusaidia kugundua: ukiuliza “nani anamkabili nani?” na usipate jibu, huenda unatazama ‘ante-’ iliyojificha.

Majirani wa kweli wa ‘anti-’ wanahitaji uangalifu wa aina nyingine. ‘Non-’ inasema “si” au “-sio”, basi. ‘Non-smoker’ ni asiyevuta sigara. ‘Anti-smoking’ ni anayetaka na wewe usivute. Mwaka 1961 nchi zilizokutana Belgrade zilijiita ‘Non-Aligned’, zisizofungamana na upande wowote. Zingejiita ‘anti’ ya upande mmoja, zingekuwa tayari zimefungamana na ule mwingine. Siasa nzima ya nchi hizo ilikuwa ndani ya kiambishi walichokichagua. ‘Counter-’ nayo inajibu: ‘counter-attack’ ni shambulio la kujibu shambulio, na ‘counter-argument’ ni hoja ya kujibu hoja. Pasipo kitendo cha kwanza, ‘counter-’ haina kazi, ilhali ‘anti-’ inaweza kukaa imejiandaa hata kama adui hajafika, kama mzinga wa ‘anti-aircraft’ unaotazama anga tupu.

Na ‘a-’ inaonyesha kukosekana. Vijana wengi wa mjini husema ‘I’m antisocial’ wakikusudia kwamba wanapenda kukaa peke yao. Katika Kiingereza cha mazungumzo watu wamezoea hivyo, lakini kwenye barua ya kuomba kazi au ripoti ya mwanafunzi usiliandike. ‘Antisocial behaviour’ kwa mwalimu na polisi wa Uingereza ni kubughudhi majirani, kuharibu mali, kupiga kelele usiku. Mtu mpole anayependa upweke ni ‘unsociable’ au ‘asocial’, au sema tu kwamba ni mtu wa kimya.

Kistari na sauti

Kuhusu kistari, watakuambia kila kamusi ina lake, na ni kweli, lakini mambo mawili yako thabiti. Kiweke kabla ya herufi kubwa: ‘anti-British’. Kiweke pia kabla ya ‘i’ nyingine ili jicho lisikwame: ‘anti-inflammatory’, ‘anti-imperialist’. Maneno ya sayansi yaliyozoeleka huandikwa bila kistari, ‘antibiotic’, ‘antiviral’, na mapya au ya kubuni papo hapo hukihitaji, hasa Uingereza. Chagua kamusi moja, uishikilie mpaka mwisho wa kazi yako.

Lipo neno moja ambalo kistari chake kimejadiliwa kwa uzito, na tulielewe vizuri. ‘Antisemitism’ lilienezwa Ujerumani mwaka 1879 na Wilhelm Marr na wenzake, watu waliotaka chuki yao kwa Wayahudi isikike kama jambo la kisayansi. Tangu mwanzo lilimaanisha Wayahudi peke yao. Lugha za Kisemiti ni pamoja na Kiarabu na Kiamhari, na kwa sababu hiyo utawasikia watu mitaani wakisema Mwarabu hawezi kuwa ‘antisemitic’ kwani naye ni Msemiti. Hoja hiyo inalisoma neno kwa vipande vyake, na neno hili halisomeki hivyo. Kistari kinachochea usomaji huo, kwa sababu kinadokeza kuna kitu kiitwacho ‘Semitism’ kinachopingwa, na hakipo. Shirika la habari la AP liliacha kuandika ‘anti-Semitism’ mwaka 2021 na sasa huandika ‘antisemitism’. Kwa Kiswahili, andika chuki dhidi ya Wayahudi.

Kwa matamshi, Mwingereza husema ‘anti’ kama sisi tunavyomwita shangazi au dada wa saluni. Mmarekani mara nyingi husema ‘antai’ katika maneno ambayo kiambishi kinasikika kama kipande cha pekee: ‘antai-wo’ kwa ‘anti-war’. Usimsahihishe, na usimuige katikati ya sentensi ya Kiingereza cha Uingereza. Ila katika maneno ya zamani yaliyoshikamana, hata yeye haisemi. ‘Antidote’ ni ‘anti’ kwa wote wawili, mkazo mwanzoni. Katika ‘antithesis’, ‘antipathy’ na ‘antipodes’ mkazo unahamia silabi ya pili, an-TI, na hapo ndipo wasomaji wetu wengi huteleza, kwa kuwa wamezoea kuukuta kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yatamke kwa sauti mara kadhaa kabla ya kusimama mbele ya watu.